Abednego Magembe na Stesheni ya Mikoleni

Marehemu Abednego Magembe Kashindye alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 karibu na Isaka, wilayani Kahama, mtoto wa pili wa Mzee Kashindye. Kwao walikuwa wafugaji. Alipenda kusema kwamba sauti ya kwanza aliyoikumbuka duniani haikuwa ya mama yake wala ya ng'ombe, bali ya treni ikipita mbali alfajiri, na kwamba kwa muda mrefu alidhani aliiota.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Isaka hadi mwaka 1967. Darasani hakuwa hodari wa hesabu, na hatutamsingizia leo kwa kuwa amelala. Mwaka 1971 alikwenda Tabora kujifunza kazi ya reli, na Machi 1974 akapangiwa Mikoleni, kati ya Soga na Ruvu, mahali ambapo hakuwahi kupasikia.

Stesheni ilimtangulia kuzaliwa, na historia yake aliisimulia kama ya mzazi wake. Mwanzoni, alisema, hapakuwa na kitu ila miti ya mikole na tangi la maji. Injini za mvuke zilisimama kunywa, na watu wakajifunza kwamba kinachosimama kinauziwa. Wachoma mkaa wakatoka misitu ya Kisarawe na magunia yao, wakajenga vibanda, vibanda vikawa mji. Injini za dizeli zilipokuja hazikuhitaji maji tena, lakini mkaa uliendelea kuzisimamisha. Asubuhi za masika ukungu wa Mto Ruvu ulichanganyika na moshi wa matanuri, na marehemu akatokea humo na shati jeupe, jukwaa zima likiwa jeusi chini yake. Sisi wanawe tuliamini kwamba treni zinatoka kwenye ukungu, na kwamba baba ndiye anayeziita.

Siku ya kwanza aliposhuka alipokelewa na mchoma mkaa, Mzaramo, aliyemtazama juu hadi chini akasema, "Karibu mtumwa wangu, mbona umechelewa?" Huyo ni Mzee Abdulaziz, aliyepo hapa leo. Wasukuma na Wazaramo ni watani, na tangu siku hiyo wawili hao hawakuachana wala kuambiana neno la heshima.

Tarehe 9 Juni 1979 alifunga ndoa na Yunis, mzaliwa wa Marui, katika kanisa la Kilutheri Kibaha. Yunis aliishi Mikoleni kwa shangazi yake na alipeleka mihogo Dar es Salaam kwa treni. Inasemekana asubuhi moja bendera ya kijani haikuinuliwa, hadi gadi wa treni akashuka.

"Stesheni masta, tunangoja nini?"

"Tunangoja abiria."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

Abiria huyo alikuwa bado nyuma ya kilima, hajaonekana hata kitambaa chake cha kichwa. Marehemu aliikana habari hii maisha yake yote. Mama hajawahi kuikana.

Mwaka 1996 treni ziliacha kusimama Mikoleni. Mabati yaliondolewa, mchongoma ukaota jukwaani, vijana wakaenda kutafuta kazi kwenye viwanda vya Zegereni. Marehemu alihamishiwa Ruvu, akafanya kazi huko hadi alipostaafu mwaka 2011, lakini nyumba yake aliijenga hapa, akidai hapa anasikia treni vizuri zaidi.

Mwaka jana kifua kilianza kumsumbua. Hospitalini Kibaha, homa ilipopanda, alitaja stesheni kwa mpangilio kutoka Dar es Salaam, polepole, macho ameyafumba. Akifika Mikoleni alinyamaza, akatabasamu, kisha akaendelea na safari. Alifariki saa nane mchana, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Hadi jana hatukujua tungemzika wapi. Marehemu alikuwa ameomba alazwe Mikoleni. Kaka yake, baba yetu mkubwa Isaya, alikuja na gari kutoka Kahama kumchukua, kwa sababu mtoto wa Kashindye hulala kwa Kashindye. Kikao cha ukoo kilikubaliana naye. Mama alikunja kanga za safari huku analia.

Gari liliporudi kinyumenyume hadi mlangoni, Mzee Abdulaziz alitokea amevaa koti na kofia ya marehemu, akasimama nyuma ya gari na bendera nyekundu.

"Gari hili halina ruhusa ya kupita stesheni yangu," alisema, kwa sauti ile ile ya marehemu. "Huyu ni mtumwa wangu. Alishuka hapa kwa miguu yake. Nani kamkatia tiketi ya kurudi?"

Mtani hakasirikiwi msibani, wala hasukumwi pembeni. Watu walicheka. Baba mkubwa naye alicheka, akacheka sana, kisha akaketi kwenye kiti na kulia kwa mara ya kwanza tangu afike. Alipoinuka alimwambia dereva azime gari.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Yunis, watoto wawili, Gregori na mimi Loyce ninayesoma, wajukuu wanne, kaka yake, Mzee Isaya, na mtani wake, Mzee Abdulaziz, ambaye amekataa kuandikwa kama rafiki.

Baba mkubwa, shikamoo. Tumepata tulichokitaka, na tunajua wewe hukupata. Ulikuja na gari kumchukua mdogo wako, na kesho utasafiri nalo tupu hadi Kahama, uwaeleze wazee peke yako. Mbele ya watu wote hawa, tunakuomba radhi.

Udongo wa Mikoleni umpokee, na Bwana ampe baba yetu pumziko la amani.