Kidole cha Pili

BUTU: Haloo? Ni nani?

KIFUTIO: Mimi.

BUTU: Mimi nani? Mtandao unakwaruza, sema kwa sauti.

KIFUTIO: Kifutio, wa kundi letu la kuchora mtandaoni. Rafiki yako. Au siku hizi si rafiki?

BUTU: Ee! Kifutio! Mbona namba ngeni?

KIFUTIO: Ya mama. Kwa yangu nimekupigia tangu jana, Penseli Butu, hupokei.

BUTU: Simu ilikuwa kwenye chaji, ndugu yangu. Halafu hapa dukani mashine ya fotokopi imekwama, karatasi zinatoka zimekunjamana, wateja wamejaa mpaka mlangoni—

(Mtu anakohoa.)

KIFUTIO: Nani huyo anakohoa?

BUTU: Nani? Aa, fundi wa mashine. Na wewe, cherehani inazunguka?

KIFUTIO: Inazunguka. Sare za shule zimenifika shingoni.

BUTU: Pole na kazi. Mama anaendeleaje?

KIFUTIO: Yuko hapa kitini, ananitazama. Asubuhi ameniuliza mimi ni nani. Nikamwambia, mwanao. Akasema, asante.

BUTU: Jamani!

KIFUTIO: Daktari anasema kumbukumbu zake ni sweta lililoachia uzi. Likishaanza kufumuka, basi.

BUTU: Pole sana, mwenzangu. Tumwombe Mungu—

KIFUTIO: Salio langu dogo, Mungu tumwache kwanza. Nimekupigia kwa habari ya mguu.

BUTU: Mguu gani?

KIFUTIO: Zoezi la wiki hii kundini si mguu? Mimi nilichora wangu, umetoka kama kiazi. Mwalimu wa Hesabu akachora kiatu, mvivu yule. Wewe ukatuletea mguu wa mwanamume aliyelala. Ule nimeupenda. Nimeshinda nao jana kutwa.

BUTU: Aa, ule. Niliufuta. Haukukaa vizuri.

KIFUTIO: Uliufuta baada ya Kinyozi kukutania.

BUTU: Kinyozi naye, domo lake lile—

KIFUTIO: Alisemaje vile?

BUTU: Sikumbuki.

KIFUTIO: Alisema kidole cha pili umekosea, kimepanda juu ya gumba kama mtoto anayechungulia ukutani kwa jirani. Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka, kabla sijatazama vizuri. Wewe ukajibu nini?

(Karatasi inachanwa.)

KIFUTIO: Butu. Ukajibu nini?

BUTU: Nilijibu tu, Kifutio. Utani.

KIFUTIO: Uliandika, "Sijakosea. Ndivyo kilivyo. Mimi huchora ninachokiona." Kiburi cha penseli, mwenzangu! Ungekubali tu kuwa hujui kuchora, mambo yangepita.

BUTU: Watu wangapi wana vidole vya—

KIFUTIO: Mguu wa kushoto?

BUTU: Wapo.

KIFUTIO: Na kovu juu ya kifundo? Kovu umelichora, Butu. Nilimtia mimi mwenyewe kwa kipande cha chupa, tukicheza. Na kile kidole nimekikata kucha mimi mpaka anaanza shule, maana alikuwa hataki mtu mwingine akiguse. Mguu wa mdogo wangu naujua kuliko wangu.

(Mtandao unakwaruza.)

BUTU: Haloo? Haloo? Sikusikii—

KIFUTIO: Unanisikia.

BUTU: …Nakusikia.

KIFUTIO: Kitinda yuko kwako.

BUTU: Subiri nitoke nje. Wateja wananitazama.

KIFUTIO: Toka.

(Mlango. Honi za magari.)

BUTU: Alikuja mwenyewe. Naapa, sikumwita. Baada ya msiba wa baba yenu hakuwa na pa kwenda, akanikumbuka mimi kwa sababu ulikuwa ukimwonyesha michoro yangu. Akasema wiki moja tu, apate kupumua.

KIFUTIO: Baba tumemzika mwaka na nusu sasa.

BUTU: Najua.

KIFUTIO: Wiki hiyo ina siku nyingi.

BUTU: Aliniapisha! Alisema nikikwambia tu, ataondoka usiku huohuo, na hutamwona tena—

KIFUTIO: Kwani nilikuwa namwona? Ulikuwa unanipa pole. Kila nikiandika kundini kwamba sijapata habari zake, wewe ndiye wa kwanza. "Jipe moyo, dada." Moyo! Moyo wenyewe umelala hapo kwako umejikunyata!

BUTU: Usipige kelele, mama atasikia.

KIFUTIO: Asikie. Na shuka umelichora vizuri, wifi. Mikunjo yote, na maua yake.

BUTU: Usiniite hivyo.

KIFUTIO: Kwa nini? Mguu ule ulikuwa sebuleni?

BUTU: Kifutio…

KIFUTIO: Sijauliza. Nimesema tu mikunjo umeiweza.

BUTU: Haikuanza hivyo. Mwanzoni alikuwa analala dukani, kwenye maboksi ya karatasi—

KIFUTIO: Sijauliza, nimekwambia! Nauliza kuhusu kibonzo changu cha kundini, kile cha mtoto aliyetoroka kwao. Mtoro. Unadhani kwa nini nilikuwa nakichora kila wiki, mimi niliye na kazi za watu mpaka dirishani? Nilisema popote alipo ana simu, siku moja atakiona. Nilikuwa namwita, Butu. Wewe ukaniambia nini?

BUTU: Nilikusaidia kisa.

KIFUTIO: Ukaniambia, "Usimrudishe haraka, utamu utapoa." Na paka ulinipa wewe. Mama anamwekea mtoro sahani mezani, mtoro haji, paka anakula. Kila wiki paka ananenepa. Kundi linakufa kwa kicheko. Wiki hii nimemchora amekwama mlangoni, tumbo halipiti.

BUTU: Anavisoma. Vyote.

KIFUTIO: Anacheka?

BUTU: Kwa paka hucheka. Halafu hutoka nje, na akitoka harudi upesi.

KIFUTIO: Na wewe unamtazama.

BUTU: Nilitaka kukwambia. Kila wiki nilikuwa najiambia, wiki hii.

KIFUTIO: Lakini ukiniambia, anarudi nyumbani. Unabaki na shuka lako.

BUTU: Ndiyo! Unataka nikudanganye? Ndiyo. Kabla yake sikuwahi kufungua mlango jioni nikakuta taa inawaka. Umesikia? Sasa nitukane.

KIFUTIO: Tusi la saizi yako sijalipata.

(Mtandao unakwaruza.)

BUTU: …na wewe usimsafishe mama yenu. Aliyemfukuza ni nani? Mbele ya waombolezaji wote! Kitinda alikuwa ameshika ngazi, baba anashuka kutoka juu ya paa, simu ikalia, akaiachia ngazi kidogo tu apokee. Kidogo tu! Hadi leo akisikia simu inalia anashtuka. Na mama mtu akamwambia, "Umeniulia mume wangu. Nisikuone tena." Baada ya maneno hayo mtu atarudije?

KIFUTIO: Nilikuwepo, usinisimulie. Maneno hayo, Butu, ndiyo mama aliyoyasahau kwanza. Kabla hajasahau jiko kwenye moto. Kabla hajanisahau mimi. Hakukaa nayo hata mwezi. Alichobaki nacho kikawa kuuliza tu, "Kitinda kafika?" Akiamka, Kitinda kafika? Mtu akigonga mlango, Kitinda kafika? Nami nikimwambia yuko njiani, mama. Mwaka na nusu yuko njiani!

(Mtu anakohoa, karibu zaidi.)

KIFUTIO: Huyo si fundi wa mashine.

BUTU: …Amenifuata nje. Aliiona namba ya mama yake kwenye kioo nilipopokea.

KIFUTIO: Amesikia?

BUTU: Simu yangu sauti yake kubwa.

KIFUTIO: Basi vizuri. Mpe.

BUTU: Hajajiandaa, Kifutio. Mpe dakika—

KIFUTIO: Dakika mlikuwa nazo nyie. Mimi nina za kununua, na zinakwisha. Mpe simu!

(Simu inahamia mkono mwingine.)

KITINDA: Dada—

KIFUTIO: Mimi na wewe tutaonana, leo sina neno nawe. Nampa mama. Mama, hebu shika. Si hivyo, igeuze. Hapa sikioni. Ongea.

MAMA: Haloo? Ni nani?

KITINDA: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, baba. Hujambo?

KITINDA: Sijambo. Ni mimi, mama.

MAMA: Ee?

KITINDA: Ni mimi. Kitinda.

MAMA: Sauti inakuja na kwenda, baba. Nani?

KITINDA: Kitinda! Mwanao wa mwisho. Nakuja, mama. Leo hii napanda gari. Nisamehe, mama, ile ngazi mimi—

MAMA: Ngazi? Hatuna ngazi hapa. Labda jirani.

KITINDA: Mama…

MAMA: Na mtoto wa kiume mimi sina. Niko na binti mmoja hapa, ananishonea, mwema sana. Umekosea namba, baba.

KITINDA: Sijakosea, mama.

MAMA: Usione haya, watu hukosea. Haya, baba. Msalimie mama yako.

(Kikohozi. Simu inaanguka.)

KIFUTIO: Haloo.

BUTU: Kifutio, ni mimi, nilikuwa nimesogea kando, sasa nimeiokota simu. Amesema nini mama? Amemwambia nini?

KIFUTIO: Mwezi uliopita alikuwa bado anamwulizia. Mwezi uliopita, Butu! Mwezi uliopita angemjua kwa kile kikohozi tu.

BUTU: Mungu wangu. Amekaa chini kwenye vumbi. Watu wanapita, wanamtazama. Amevua kiatu, anakishika tu mkononi. Nifanye nini, Kifutio? Niambie, nifanye nini?

KIFUTIO: Mchore.

BUTU: Nini?

KIFUTIO: Mchore. Si wewe huchora unacho—

(Simu inakatika.)

BUTU: Haloo? Kifutio? Haloo?