Ridhwan Kheir, Mbishani Mwenye Adabu

Sogeeni jamani, wanawake ingieni hapa mkekani, wanaume huko barazani tupeni masikio, simu zizimwe, leo ni arubaini ya mjukuu wangu Ridhwan Kheir, maneno ni yangu mimi Bi Mwanakheir, na kwa kuwa sijui kusoma ananisomea jirani yangu Faiza.

Ridhwan alizaliwa Malindi tarehe 3 Machi 1976, mama yake, mwanangu Amne, akafa siku ya pili, baba naye akatangulia mapema, nikamlea mimi. Madrasa na skuli alisoma hapa hapa mjini, mwaka 1998 akenda Dar es Salaam chuo kikuu kusoma falsafa, nikamuuliza falsafa ndo nini, akanambia, Bibi, ni kubishana na watu walokwisha kufa. Nikamwambia umepata, hao hawarudishi.

Lakini alikuwa na sharti lake, humkosoi mtu mpaka uyaseme maneno yake mbele yake, naye aitikie naam, ndivyo nilivyosema. Kwa hao wafu alinisimamisha mimi badala yao, ananifuata jikoni, Bibi leo wewe Myunani, nami namwambia Myunani anachambua mchicha, sema huku unakuna nazi, na nisipofahamu simpi naam, hurudia hata mara nne.

Alianza kusomesha chuoni 2003, akamuoa Tahiya tarehe 9 Januari 2005, wakahamia Mbweni, wakajaaliwa Shemsa na Ubwa. Mwaka 2021 alitoa kitabu, akasema mtu peke yake halioni kosa lake mpaka aambiwe na mwenziwe, mwanafunzi wake wa zamani Abrahman akaandika kitabu kizima kumpinga, Ridhwan akafurahi kama kaletewa bibi harusi, akasema kisichapwe mpaka aje amsomee yeye mwenyewe.

Tarehe 2 Agosti 2024 kiharusi kikampiga, ulimi ukafa, mikono haimtii. Tarehe 11 Abrahman akaja na karatasi zake, akasoma alivyomfahamu mwalimu wake, akauliza, ndivyo, mwalimu? Nikamwambia Ridhwan, mjukuu wangu, ukikubali fumba macho, akafumba, machozi yakamtoka, Tahiya akasema kakubali, Abrahman akasema la, analia nimekosea, akasoma tena na tena, macho yanafumba, yanafumbua, wala hatukujua. Mimi nilosimama badala ya Wayunani wote, kwake yeye nilishindwa. Akafariki Jumatano tarehe 14, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kama mtoto, majirani wa Mbweni na Malindi kwa masufuria na mikeka, na walimu wenzake waliomchukua mpaka kaburini. Mjukuu wangu, Mola akupe kauli thabiti huko uliko.

Mirathi imeshagawiwa, Tahiya kapata thumni, moja ya nane, mimi sudusi, moja ya sita, iliyobaki ya watoto, Ubwa mafungu mawili, Shemsa moja, naye kaomba vitabu vya baba yake viingie katika fungu lake. Abrahman si mrithi, karatasi ni zake, tumempa ruhusa azichape, hataki, asema naam hakuipata, kila Ijumaa baada ya sala huja kunisomea mimi, akimaliza hunitazama, nami namkaribisha chai.