Masizi Shingoni mwa Dada

Ndugu zangu, mkiona karatasi inatetemeka msidhani ni upepo. Mimi hata kuitikia jina darasani hunitoa jasho. Niko Form Three, nakaa Kimbo, na kuongea mbele ya watu kwangu ni adhabu. Kwa hivyo niliandika, na nitasoma vile niliandika. Majina sitataja. Wenyewe wanajijua.

Mwaka jana dada yangu alikuwa aolewe. Ni mwalimu wa nasari, amenipita miaka minane. Mchumba wake aliuza vipuri vya magari Thika, mtu wa viatu vinavyong'aa, na maneno yaliyong'aa kushinda viatu. Ruracio, yaani kutoa mahari, ilikuwa imekwisha. Kila Jumapili kamati ya harusi ilijaa kwetu, inamaliza mandazi ya mama na kubishana juu ya keki.

Mwezi wa saba dada akashikwa na homa. Koo likamuuma hata mate yakawa shida kumeza, lakini hakukohoa. Mwenye kemisti, yule hujiita daktari kwa sababu ana koti jeupe lenye doa la maharagwe, hakumgusa hata paji la uso. "Malaria hiyo," akasema, akauza vidonge. Siku ya nne shingo ikafura pande zote mbili. Hapo tata, shangazi yangu, akafika kutoka Ngoliba, na tata hajawahi kuona ugonjwa asioujua.

"Haiya! Hii ni matubwitubwi!"

Akakwangua masizi ya sufuria, akampaka dada shingo nzima. Ndugu zangu, nawaambia, mtu mzima, bibi harusi, amekaa kitandani mweusi kama chungu, na watu wazima wanne wamemzunguka wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Upele ulipotokea kifuani, tata akasema masizi yanafanya kazi, yanatoa uchafu.

Baada ya wiki mbili na kitu homa ikaisha yenyewe. Masizi yakapewa sifa.

Kanisa letu lilitaka wachumba wote wapimwe ukimwi kabla ya harusi. Dada alikuwa amepimwa akiwa bado na homa, karatasi ikasema hana. Mchumba alileta yake kutoka maabara ambayo hakuna mtu aliijua iko wapi. Kamati ikapiga makofi. Karatasi mbili, mihuri miwili, basi.

Lakini zile tezi za shingo zilikataa kurudi. Na hapa mnisikilize, maana ndipo mtaona akili zetu: tulienda hospitali kubwa ya Thika kwa sababu ya picha. Tata alisema shingo ile itaharibu albamu.

Tulimkuta mama mmoja mganga, amechoka, viatu vimepinda. Akabonyeza shingo, akabonyeza makwapa. Akauliza, "Kilianza nini? Kikafuata nini?"

Mama yetu akasema malaria. Tata akasema matubwitubwi. Dada akasema hakumbuki.

Mimi nilikuwa nakumbuka. Mimi huandika kila siku, hata tulichokula. Diari ilikuwa kwa mkoba wangu, na nilinyamaza. Ninawadharau wote niliowataja, lakini hakuna ninayemdharau kama yule msichana aliyekaa pale akiangalia sakafu. Tulikuwa tumefika mlangoni nilipogeuka nikasema, kwa sauti ya panya, "Mimi nimeandika."

Nikamsomea. Jumatatu homa. Jumanne koo. Alhamisi shingo. Jumamosi upele kifuani, vidonda mdomoni, jasho la kulowesha shuka. Mganga akaacha kuandika. Akatutoa nje, akaongea na dada peke yake. Dada alitoka macho mekundu.

Kisha mganga akatueleza sote. Kuna homa nyingine hufanana na hivyo, za kufura tezi, na huisha zenyewe. Lakini virusi vya ukimwi vikiingia mwilini hufanana hivyo pia, wiki chache za mwanzo. "Kipimo hakimtafuti mdudu," akasema. "Kinatafuta askari ambao mwili unaandika kupigana naye. Huyu alipimwa kabla askari hawajaandikwa. Hiyo karatasi haijasema kitu. Rudini baada ya miezi mitatu, na kabla ya hapo asiolewe."

Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Jumapili dada akaniambia, "Soma wewe, mimi nitalia." Nikasimama mbele ya kamati, nikasoma siku moja moja.

"Wĩ!" tata akapiga kelele. "Mtoto wa Form Two anafundisha maabara?"

Mchumba akacheka. "Mimi nilikuja kuoa mwanamke, sikuja kuoa kalenda."

Dada akamwambia, "Basi twende tupimwe pamoja kesho, kwa yule mama."

Mchumba alisimama, akapangusa kiatu kwa kitambaa. "Githurai wasichana wamejaa." Akaondoka na mandazi mkononi. Ndiyo, na mandazi.

Miezi mitatu ilipoisha, askari walikuwa wameandikwa. Dada anavyo virusi. Tulimwandikia yule bwana barua mbili apimwe vizuri, hakujibu. Nimesikia ana mchumba Githurai 45. Jumamosi mimi na mama tutaenda kwa wazazi wa msichana huyo. Nitatetemeka, lakini diari nitabeba.

Namshukuru yule mama wa viatu vilivyopinda, aliyeuliza kilianza nini. Nawashukuru nyinyi wa kikundi hiki cha kusaidiana, mliomletea dada uji wakati kamati ilipotea kama moshi. Hata tata namshukuru, kidogo: siku hizi anafua shuka za dada na hasemi ni ugonjwa gani.

Ninalowaachia ni hili. Mtu wako akishikwa na homa, koo, tezi na upele kwa pamoja, andika siku. Usiabudu karatasi ya kwanza. Na kama unajua kitu, usingoje mpaka ufike mlangoni.

Gauni la harusi tata alikuwa ameagiza lishonwe kola ndefu, ifunike shingo. Dada amelikata, akalifanya blauzi. Ndiyo ile amevaa pale safu ya tatu, shingo wazi. Tezi bado zipo. Mwangalieni tu, yeye hana shida.