Filemoni Nandonde, Aliyependa Mbali

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Kama uko Newala mjini, kama uko Masasi, kama uko shambani unaokota korosho na redio umeiegesha juu ya gunia, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Filemoni Nandonde. Filemoni, fundi simu wa Newala. Filemoni, mrusha droni. Amefariki. Nalirudia neno hilo kwa sababu ulimi haujalizoea. Filemoni amefariki.

Alianguka kutoka mtini. Wasikilizaji wapendwa, hakuanguka kutoka kwenye mnazi, wala mvule. Alianguka kutoka kwenye mkorosho, mti ambao matawi yake yanagusa ardhi, mti ambao mbuzi anajikunia mgongo. Mtu aliyepeleka ndege angani mpaka isionekane kwa macho, ameuawa na mti usiofikia paa la kanisa. Mkewe, Isabela, alituambia hivi: "Mpaka leo nikiupita mkorosho nasimama. Nauangalia. Nasema, ni wewe? Ni wewe kweli?"

Isabela ndiye aliyetusimulia mengi ya haya, na ameturuhusu kuyasema.

Filemoni alizaliwa Kitangari, mtoto wa pekee wa Mama Sabina. Alisoma sekondari Masasi, akajifunza ufundi hukohuko, na hukohuko Masasi ndiko Isabela alikomjua. Hakumjua kwa sura kwanza. Alimjua kwa hasara. Siku hiyo Isabela alikuwa bado msichana, anaishi kwa baba yake, ameanika makopa juu ya mkeka, mara kitu chenye kelele kama mbu mkubwa kikatokea nyuma ya mlima wa mawe, kikayumba, kikaanguka katikati ya makopa. Muhogo mkavu uliruka mpaka jikoni. Baba yake alitoka na fimbo.

"Nani ameleta mdudu huyu kwenye chakula changu?"

Kijana mmoja mwembamba akaja mbio, jasho linamtoka. "Shikamoo, baba. Ni wangu. Jiwe limekula mawimbi."

"Jiwe limekula nini?"

"Mawimbi, baba. Ya rimoti. Mlima umekaa katikati, mdudu hanisikii."

Baba alimtazama Isabela, Isabela akacheka, na ndiyo ikawa. Miaka ile ile walifunga ndoa, wakahamia Newala. Filemoni alikuwa na sababu yake ya kuhama. Alisema Masasi ni pazuri lakini mawe yake yana wivu. Newala, ukisimama ukingoni mwa uwanda wa juu, hakuna kinachokuzuia. Bonde liko chini, mbingu iko mbele, na mawimbi yanakwenda yatakako.

Wengi mtauliza, alikuwa anatafuta nini huko angani? Hakuwa akilipwa. Harusi hakupiga picha. Wateja walimtania pale kibandani kwake sokoni: "Fundi, ndege yako inabeba abiria lini?" Naye, huku ameinamia simu ya mtu, anajibu: "Ukipungua uzito, mama, hata kesho."

Isabela naye aliwahi kumuuliza, kwa hasira kidogo, jioni moja alipochelewa kula. "Baba Witness, hivi unaona nini huko?" Witness ni binti yao wa pekee. Filemoni alimkalisha mkewe kwenye kigoda, akamshikisha kioo kidogo chenye picha inayotoka angani. Isabela akaona paa lao, likapungua. Akaona soko, likawa kama kiganja. Akaona barabara nyekundu, mikorosho iliyopangwa mistari, moshi wa mtu anayechoma majani. Halafu picha ikaanza kukwaruza, vipande vinapotea, vinarudi.

"Sasa hapo," Filemoni akamnong'oneza. "Hapo ndipo penyewe. Ukigeuza sasa, inarudi. Ukiongeza kidogo, hujui. Moyo wako unausikia?"

Isabela anasema aliusikia. Anasema tangu siku ile hakumlaumu tena. Alimwachia chakula kwenye hotpoti, akamngoja.

Ndege zile alizitengeneza mwenyewe. Ya mwisho haikuwa ya mapanga manne kama hizi mnazoziona harusini. Ilikuwa na mabawa, kwa sababu yenye mabawa inakwenda mbali kwa betri ndogo. Mabawa aliyachonga kutoka kwenye maboksi meupe ya povu, yale ya kuletea samaki kutoka Mtwara. Aliyaosha kwa sabuni, akayaosha kwa ndimu, harufu ikakataa kutoka. Paka wa jirani walikuwa wakiifuata ndege ile uani kama kuku anavyofuatwa na vifaranga. Na kabla ya kuirusha, kila mara, alikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa kuaga. "Mwenyekiti, shikamoo, leo nitapita juu." Mwenyekiti anajibu, "Marahaba. Usitazame bafu za watu." Ndivyo walivyoishi.

Mama yake, Mama Sabina, hakupenda. Yeye ni mama wa Kitangari wa zamani, wa enzi za kushuka bondeni kuteka maji na kupanda uwanda na ndoo kichwani. Alimwambia mwanawe: "Mbali mimi naijua kwa utosi wangu. Mbali si ya kuchezea." Filemoni alimpenda sana mama yake, na neno lile lilimkaa. Akataka kumwonyesha. Akaamua atairusha ndege kutoka nyumbani kwake Newala mpaka juu ya uwanja wa mama yake Kitangari, izunguke mara moja, irudi. Hakuwahi kuirusha mbali kiasi hicho. Hakumjua mtu yeyote wa uwandani aliyewahi.

Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni vizuri hapa. Safari ilikuwa ya kutoka Newala mpaka Kitangari na kurudi. Picha ya kwenye kioo isingefika huko kote. Filemoni alijua. Kwa hiyo aliipa ndege njia yake kabla haijaruka, pita hapa, pita hapa, geuka hapa, ili hata picha ikipotea yenyewe iendelee. Na tumboni mwa ndege akafunga kamera ndogo yenye betri yake, inayojirekodia yenyewe. Akampigia mama.

"Mama, tandika kanga nyekundu uwanjani, uweke mawe pembeni isipeperuke. Halafu ungoje."

"Haya, baba. Nitangoja."

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, mwaka jana, mabibo, matunda ya mkorosho, yamejaa chini ya miti na harufu yake iko kila mahali. Filemoni aliirusha kwa mkono. Isabela alikuwa pembeni ameshika kioo. Picha ikaenda, ikaenda, ikakwaruza, ikafa. Isabela anasema mumewe alikuwa ameshika mkono wake bila kujua, na alikuwa ameuminya mpaka pete ikamuumiza. Wakangoja. Halafu, ghafla, picha ikarudi! Ndege ilikuwa inarudi nyumbani. Filemoni alipiga kelele kama mtoto. Lakini upepo ulikuwa usoni mwa ndege, na betri ilikuwa imekwisha kabla ya njia kwisha. Picha ikainama. Majani, majani, kijani, giza. Imeangukia kwenye mikorosho upande wa Mkunya.

Akampigia mama palepale. "Mama, umeiona?"

"Sijaona kitu, mwanangu. Nimesimama mpaka miguu imeuma. Haijaja."

Kumbukeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Mama alisema haijaja. Filemoni hakujua kama ndege ilifika au iligeuka njiani. Jibu lilikuwa ndani ya kamera, na kamera ilikuwa mtini, Mkunya.

Alimwita rafiki yake Dastani, mwenye bodaboda, wakaenda. Kwa mkewe alisema neno moja tu: "Nakuja." Isabela akarudi kusonga ugali.

Shamba lile ni la Mzee Mohamedi, na mzee mwenyewe alikuwepo. Ndege ilikuwa inaning'inia juu yao, bawa moja limevunjika, taa ya kamera inawakawaka. Filemoni akavua viatu. Mzee Mohamedi akamzuia.

"Kijana, wewe ni wa hapa?"

"Wa Kitangari, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mtu wa Kitangari anapanda mkorosho? Korosho hatuchumi, tunangoja ianguke tuokote. Hiyo nayo ngoja. Upepo utaishusha, mjukuu wangu ataileta."

Na hilo, wasikilizaji wapendwa, kila mtoto wa uwandani analijua kabla hajajua kusoma. Tawi la mkorosho ni nene kwa kuangalia, lakini linakatika bila kulia. Hata Filemoni alilijua. Alilelewa nalo.

Akasema, "Ningengoja, mzee wangu. Lakini mama anasema hakuniona. Nataka kujua leo."

Dastani akamtania. "Fundi, kitambi hicho kitapanda na nani?"

"Kitabaki chini na wewe," Filemoni akasema, akapanda.

Dastani anasema aliifikia. Anasema alikuwa ameishika tayari, anacheka. Tawi halikutoa sauti. Kichwa chake kilipiga kisiki.

Simu ya Isabela ililia ugali uko jikoni. Alikuwa Dastani.

"Shemeji, njoo Mkunya."

"Imevunjika?"

"Njoo Mkunya, shemeji," Dastani akarudia.

"Dastani, nakuuliza, imevunjika? Bawa au mota?"

"Shemeji, njoo tu."

Wasikilizaji wapendwa, Isabela alipanda pikipiki ya jirani akidhani anakwenda kuangalia mabawa ya boksi la samaki. Alikuwa amebeba gundi. Alifika Mkunya na gundi mkononi. Hospitali ilithibitisha tu kile ambacho Mzee Mohamedi alikuwa amekwisha kukifunika kwa shati lake mwenyewe.

Filemoni alizikwa Kitangari, nyuma ya nyumba ya mama yake, kwa sala za Kianglikana. Kwaya iliimba na kushindwa kumaliza.

Ikafika siku ya kuondoa matanga. Ndugu wamekaa, wamekula, vitu vya marehemu vinagawiwa. Dastani akaleta gunia la salfa, dawa ya mikorosho. Ndani yake mlikuwa na ndege, na kamera. Mama Sabina akalitazama gunia lile. Hakuwa ametoa chozi tangu mazishi.

"Hilo lichomwe," akasema. "Hilo ndilo lililomla mwanangu. Lichomwe lote, sasa hivi, nikiona."

Mtu mmoja akaenda kuchukua kiberiti. Isabela akainuka. Mkwe hamkatalii mama mkwe mbele za watu, na yeye ni mtu wa kusema polepole. Akapiga magoti.

"Mama, mabawa chomeni. Naomba kamera kwanza. Niangalie kama ilifika."

"Ilifika inisaidie nini? Mtu hayupo."

"Alikufa anataka kujua hilo, mama. Tukilichoma, nani atajua kwa niaba yake?"

Kiberiti kikabaki mkononi mwa mtu. Mama Sabina akasema, "Lete tuone. Wawili tu."

Waliingia ndani, wakakaa kitandani, kompyuta ya Filemoni juu ya mapaja ya Isabela. Ardhi ikaanza kupita. Mikorosho, mistari kwa mistari. Paa. Barabara. Mikorosho tena. Mama Sabina alikuwa hajawahi kuuona uwanda kutoka juu. Alitaja mahali kwa sauti ndogo, kama mtu anayesoma. "Hapo ni kwa kina Dominika. Hapo ni shuleni. Hilo ni bonde letu la maji. Bonde lile ni dogo hivi?"

Halafu doa jekundu. Likakua. Kanga. Mawe kwenye pembe. Ndege ikaanza kuzunguka, polepole, kama ilivyoagizwa. Na uwanjani, karibu na ua, mwanamke amesimama, mkono juu ya macho, amewapa mgongo.

"Ni mimi huyo?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona natazama barabarani?"

Mama akaitazama picha mpaka duara likatimia na uwanja ukaanza kubaki nyuma.

"Nilisikia mvumo nikadhani upepo," akasema. "Mtu akiniambia nakuja, mimi natazama njia. Maisha yangu yote natazama njia. Alikuwa juu yangu."

Hapo ndipo machozi yalipotoka. Isabela alijua mkanda unaendelea. Alijua mbele kuna kurudi, kuna upepo, kuna mkorosho, na mbele zaidi kuna uso wa mumewe ukipanda kwenye majani, ukiwa unacheka. Mama Sabina naye akajua. Akaweka kiganja juu ya kioo.

"Zima hapo."

Isabela akazima. Hajaiangalia sehemu iliyobaki. Anasema hajui kama ataiangalia.

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Ndugu walidhani kiberiti kinahitajika, wakasimama. Mama Sabina akapita katikati yao, akaenda mpaka kwenye udongo mbichi, akainama kama mtu anayemwamsha mtoto.

"Filemoni," akasema. "Ilifika, baba. Ilifika, ni mimi niliyekuwa natazama kwingine."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Sabina, kwa Isabela, kwa mtoto Witness, kwa ukoo wa Nandonde wote, kwa Dastani ambaye bado anajiuliza kuhusu utani wake, na kwa Mzee Mohamedi wa Mkunya aliyesema la haki likakosa nguvu, tunawapa pole kutoka ndani kabisa. Mungu amlaze Filemoni mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, huenda ndani ya nyumba yako kuna mtu anayependa kitu usichokielewa. Anakushughulisha, anakuchelewesha, anakutia hasira. Leo kaa naye. Mwulize anaona nini. Ukimaliza kumwuliza, mwache akuonyeshe. Usiku mwema, wasikilizaji wapendwa.