Konokono Kumi na Wanne Wenye Alama Nyekundu

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata faili kama mtoto mchanga. Jirani yake, mwanamume aliyetuambia kuwa ni fundi bomba bila kuulizwa, alichungulia karatasi zilizochomoza. "Dada, hao konokono umewachora wewe?"

"Mume wangu. Mikono inamtetemeka. Kila asubuhi anachora mmoja, mstari wa kuzunguka tu kama gamba lake, na madaktari wa nchi tatu wanalinganisha waone kama dawa inamsaidia. Ila hawa kumi na wanne ni wangu."

Alieleza kwamba mumewe alikuwa akilia akiona mistari yake inavyoyumba, basi yeye akamwonea huruma, akamshika mkono na kuuongoza. "Na mimi ni fundi cherehani, kaka. Mkono wangu hauyumbi. Juzi wamepiga simu wanashangilia, eti dawa imefanya kazi!"

Fundi bomba alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake. "Nyamaza tu. Ukisema, watamtoa kwenye utafiti."

"Wamtoe. Nimewatia konokono wangu alama nyekundu. Sikubali dawa isiyofaa akapewe mume wa mwenzangu kwa ajili ya mkono wangu."

"Utajiaibisha bure."

"Nimeshaaibika. Sasa naenda kurekebisha."

Fundi bomba alitazama viganja vyake, akauliza kama mtu anayeulizia nauli: "Na hao aliochora mwenyewe, wananyooka hata kidogo? Mama yangu siku hizi kijiko hakimfiki mdomoni."

Yule mama akaanza kufungua faili. Basi likasimama hospitali; akalifunga faili, akashuka. Fundi bomba, ambaye kituo chake kilikuwa bado mbali, akashuka nyuma yake.