Kompyuta ya Nazari na Birika la Sikitu

Mvua ilikuwa imenyesha Ifakara usiku kucha, ile ya kupiga bati mpaka mtu hasikii hata anachowaza, na asubuhi hiyo ya Jumapili, mwaka tisini na tisa, benchi la Kibaoni lilikuwa limelowa chepechepe. Lakini benchi kulowa si sababu ya watu kukosa kahawa. Wenyewe walitandika magunia, wakakaa, na Sikitu mwenye kibanda akaanza kuzungusha birika lake. Alikuwepo mzee Adolf, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kulinda geti kule bwawani Kidatu. Alikuwepo Wiliam, aitwaye Redio, maana hakuna taarifa ya habari inayompita. Alikuwepo Kija, Msukuma wa ng'ombe wengi na maneno machache, jina lake la kijiweni Zizi. Na pembeni kabisa, kikombe mkononi hakinyweki, alikuwepo Mwalimu Nazari, macho yote yako dirishani kwake ng'ambo ya barabara.

Pale sebuleni, palipokuwa pakikaa cherehani ya mkewe Margareta, sasa palikaa kompyuta. Tena si ya kununua imefungwa kwenye boksi, thubutu! Nazari aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande. Zile za madukani aliziona goigoi. Yeye alitaka inayokimbia, prosesa ya Pentiamu mpya na memori ya kumwaga, ichore moyo wa binadamu na ramani ya bonde zima bila kukwama. Kwa ajili yake aliacha ualimu, watu wakamshangaa, akawaambia subirini muone. Sasa kesho, Jumatatu, Sista Apolonia, mkuu mpya wa sekondari ya wasichana, angekuja kuiona. Akiridhika, mitihani yote ya shule ingechapwa hapo. Asiporidhika, ingepelekwa Morogoro, na Nazari angefunga virago kwenda Mlimba kumsaidia kaka yake kulima mpunga. Margareta angemfuata bila kusema neno. Hilo la kutosema neno ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

Na kompyuta yenyewe, jamani! Ukiiwasha inawaka vizuri, feni inavuma, monita inang'aa. Halafu kabla birika la Sikitu halijamaliza kuzunguka benchi, inazima. Yenyewe, hakuna aliyeigusa.

— Imezima! Margareta alipaza sauti dirishani.

— Iache ipumzike, kisha uwashe tena, Nazari alijibu, na sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

Injinia akakohoa. Alipokohoa hivyo, watu walijua elimu inakuja.

— Nimeshakwambia, Mwalimu. Umeme wetu huu ni mbichi.

— Mbichi vipi, mzee wangu?

— Kidatu si hapo tu, pua na mdomo? Umeme unatoka bwawani unafika hapa bado una kasi ya maporomoko. Wa Dar umeshatembea mpaka umechoka. Ndiyo maana kompyuta za kule hazina matata.

— Sasa afanyeje? Sikitu aliuliza.

— Anunue waya mrefu, auzungushe nyumba nzima kabla ya kuuingiza ndani. Uchoke kwanza!

Redio alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Injinia, acha kamba! Mimi nimesikia kwa masikio yangu, kompyuta zote duniani zinaogopa mwaka elfu mbili. Na hii ya Mwalimu ina mbio kuliko zote, siyo?

— Ndiyo, alisema Nazari kinyonge.

— Basi imeshakimbia mpaka kule mbele, imechungulia elfu mbili, imeona kinachokuja, imerudi kujizima mapema. Ina akili hiyo!

— Imechungulia elfu mbili ikiwa hapahapa Kibaoni? Injinia aliuliza.

— Prosesa mpya, mzee. Usiichukulie poa.

Zizi akaweka kikombe chini taratibu.

— Mwalimu, vipande hivyo ulivitoa duka moja?

— Hapana. Kariakoo, duka hili na lile. Kila mtu ana chake.

— Basi umekwisha. Ng'ombe wa mazizi mbalimbali huwezi kuwaingiza zizi moja leo, ukategemea leo hiihii walale. Watapigana. Lazima wanusane kwanza.

— Sasa vyuma vinanusana, Zizi?

— Vifungie gizani wiki nzima. Na maziwa kidogo, unanyunyizia kwa juu.

— Maziwa kwenye kompyuta! Nazari aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Ndugu zangu, Sista anakuja kesho! Kesho, siyo wiki ijayo!

Injinia akanyanyua kidole.

— Ila jambo moja hakuna wa kulilaumu, nalo ni usafiri. Hapo nilisimama mimi.

Hilo lilikubalika na wote. Ifakara kila kinachovunjika husafiri ndani ya pumba za mpunga: mayai, glasi, chemli, hata sanamu ya Bikira Maria iliyotoka Mahenge. Nazari alipokwenda Dar, Injinia alimfungia gunia zima la pumba safi, naye Nazari akapanda nalo garimoshi. Kariakoo walimcheka weee mpaka wakachoka. Yeye alinunua kasha tupu la kompyuta, lenye kile kisanduku chake cha kupokea umeme kimeshafungwa ndani, akalijaza pumba pomoni, akavizika humo vipande vyote, akarudi amelipakata mpaka Ifakara. Hakuna kilichopata hata mkwaruzo. Nyumbani akapangusa kila kipande kwa brashi ya cherehani ya Margareta, ndipo akaunganisha.

— Kama yai la leo, Injinia alijisifu. Pumba zangu hizo.

— Tumsifu Yesu Kristo.

Wote waligeuka. Mwavuli mkononi, viatu vimejaa matope, alikuwa amesimama Sista Apolonia mwenyewe.

— Milele amina, Sista. Shikamoo, alisema Nazari.

— Marahaba, Mwalimu. Nimetoka kumwona mgonjwa huku chini, nikasema kwa nini nisipite leo kuiona hiyo mashi...

— Imezima! Margareta aliita dirishani.

Nazari alitamani ardhi ipasuke immeze. Sikitu, kwa kuokoa jahazi, akamkaribisha Sista kwenye kigoda na kumpa kikombe.

— Nini kimezima? Sista aliuliza.

— Kompyuta, Sista, Nazari alisema. Inawaka, halafu inazima. Sijui kwa nini.

Redio akafungua kinywa aeleze mambo ya elfu mbili. Injinia akambana kwa kiwiko, aanze yeye na umeme mbichi. Lakini Sista alikuwa amenyanyua pua juu, ananusa.

— Samahanini, mimi ni mgeni hapa, natoka Njombe. Hivi nani anachoma pumba?

— Si huko mashineni wanakokoboa mpunga, Sista, Injinia alijibu haraka. Marundo yale huwa yanaungua mwaka mzima.

— Nimepita mashineni sasa hivi. Mvua imeyazima yote, yanachuruzika maji. Sasa nani anachoma pumba?

Injinia alimtazama Redio. Redio alimtazama Zizi. Zizi alitazama makatambuga yake. Harufu ya pumba zinazoungua ndiyo hewa ya Ifakara, mtu anazaliwa ndani yake, nani ataisikia? Juma zima walikuwa wamekaa hapo, upepo unatoka dirishani kwa Nazari unawapiga usoni, wanakunywa kahawa na kutoa hotuba.

Nazari aliweka kikombe kwenye benchi na kutimua mbio, kandambili moja ikabaki kwenye matope.

— Margareta! Chomoa waya ukutani! Chomoa!

Benchi zima likamfuata, Sista na mwavuli wake nyuma. Walimkuta ameshafungua kasha, ameinama juu ya kile kisanduku cha umeme, bisibisi mkononi. Kilikuwa na karatasi ya njano imebandikwa juu ya skrubu. Aliichana, akafungua, akakipindua juu ya meza.

Zikamwagika pumba, tele, zilizokuwa zimepenya kwenye matundu yake. Nyingine zilikuwa zimeungua ncha, nyeusi. Feni ndogo ya ndani, ambayo hakuwahi kuiona, ilikuwa imekabwa haizunguki kabisa. Iliyokuwa ikivuma siku zote ni ile ya prosesa. Kisanduku kilikuwa kikipata joto mpaka kinajizima chenyewe.

— Kumbe! alisema Zizi.

— Mbona hapa hukupapangusa? Margareta aliuliza.

— Imeandikwa usifungue.

— Na wewe ukatii.

— Mimi mwalimu, Margareta.

Margareta alicheka, kwa mara ya kwanza tangu cherehani ihamishwe. Akampa brashi.

— Lakini pumba zenyewe zilikuwa safi, Injinia alinong'ona. Nilizichagua mwenyewe.

Kisanduku kilipopanguswa na kufungwa, Nazari akawasha. Safari hii feni zilivuma mbili.

— Sasa ngoja, alisema Sista. Mnasema huwa inazima kabla birika halijamaliza kuzunguka? Turudi tukae. Ikilishinda birika, kesho asubuhi naleta mitihani.

Margareta akabaki ndani, wao wakarudi kwenye magunia yao. Sikitu alimimina. Kikombe kwa Sista, kwa Injinia, kwa Redio, kwa Zizi. Dirisha kimya. Akazungusha tena, polepole, kana kwamba mitihani ni ya kwake. Hakuna aliyetoa hoja yoyote, jambo ambalo benchi hilo halijawahi kuliona. Mwishowe akalipindua birika juu chini, likatoa tone moja.

— Kahawa imekwisha, jamani.

Wote wakageukia dirishani. Kimya. Kimya hicho Nazari alikijua, akahisi Mlimba inamwita.

— Margareta! aliita. Imezima?

— Hebu msinipigie kelele! sauti ya Margareta ilirudi. Nachapa!

Injinia alipiga kofi pajani, Redio akapiga mluzi, Sista akafunga mwavuli wake huku anacheka. Nazari aliketi, akaokota kikombe chake cha asubuhi pale pale alipokiacha, kimejaa, kimepoa kabisa, akakinywa chote.