Kima Waliomlilia Shikanga

Mgeni rasmi, chifu wetu, wachungaji, na majirani mliotoka Khayega na Iguhu,

Ukaribisho
Sisi waongoza wageni wa Msitu wa Kakamega tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kima wakishuka hadi kwenye meza ya soda, usishtuke. Hapa wao ndio wenye nyumba.

Historia
Kikundi chetu kilianza mwaka wa 1992. Wakati huo chui walikuwa wamekwisha msituni. Wazee walitueleza kwamba kima wana mlio wa kuonyana wakimwona chui, mkali, wa kukatikakatika. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuusikia.

Mafanikio
Tumejenga kibanda, tumenunua darubini, na hakuna mgeni aliyepotea mikononi mwetu.

Changamoto
Barabara haipitiki mvua ikinyesha, na choo cha wageni kimejaa. Lakini jambo hasa lililotuleta mbele yako ni la mwenzetu, Willis Shikanga.

Shikanga alikuwa mcheshi kutupita sote. Agosti mwaka jana aliingia msituni na wageni, na kima wakapiga mlio wa chui. Akageuka, hakuona kitu. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Wakamlilia yeye tu, wiki baada ya wiki. Tulimbadilisha sare, tukampitisha njia nyingine, wapi! Wageni wakaanza kumkataa. Akawa anakaa nje ya kibanda akijinusa mikono.

"Kwani wananionaje?" alimwuliza katibu wetu Nafula, huyu anayekusomea risala.

"Wewe ni Shikanga tu."

"Si mimi wanayemwangalia, dada. Wanaangalianga nyuma yangu."

Asubuhi moja alichoka. "Wacha niende nikaone mwenyewe," akasema, akaingia peke yake kwa njia ya mtoni. Tuliusikia mlio ukimfuata mti kwa mti, ukienda mbali, kisha ukakatika ghafla.

Tulimkuta ameketi juu ya mzizi, mzima, hana hata mkwaruzo. Nafula alimwita mara kadhaa kabla hajageuka. Alitutazama mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayechagua.

"Hakuna kitu," akasema. "Twendeni."

Tangu siku hiyo kima hawamlilii tena. Akipita, msitu wote unanyamaza, na kima wenye watoto huwafumbata kifuani. Wageni wanampenda, wanasema ni mtulivu. Lakini mkewe, Sylvia, amehamia Lurambi na watoto. Tulipomwuliza sababu, alilia.

"Hajanikosea," alisema. "Anakujanga nyumbani vizuri, anakula obusuma, anatusalimia wote. Lakini akiwa ndani, najikuta nahesabu watoto."

Maombi
Hatuombi afutwe kazi. Ni mwenzetu na tunampenda. Tunaomba apewe kazi ya getini, karibu na watu, na njia ya mtoni ifungwe.

Ombi la mwisho ni la leo. Ratiba inasema baada ya chakula utatembezwa njia hiyo hiyo, na Shikanga, kwa kuwa ulisikia sifa zake ukamtaka yeye. Amesimama pale kando ya gari lako, amekwisha kuwa tayari. Ukikubali, mgeni rasmi, twende sote.

Mungu akutembeze salama, na akurudishe kwa watoto wako ukiwa vile ulivyokuja.

Ni sisi,
Kikundi cha Waongoza Wageni wa Msitu wa Kakamega